Barua ya Wazi kwa Vijana Mnaotafuta Viwanja Kigamboni

Wanangu,

Asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na wengine wote shikamooni zenu nimezipokea.

Nawaona kila Jumapili. Mnashuka kwenye bajaji wawili wawili, wengine na mtoto mgongoni, dalali katangulia na simu sikioni. Mnasimama kwenye majani dakika ishirini, mnapiga picha, mnanong'onezana, mnaondoka. Baada ya wiki mbili napita hapohapo nakuta lundo la mchanga na tofali zimepangwa. Na katika siku zote hizo hakuna jirani hata mmoja aliyepigiwa hodi. Hilo ndilo lililonikalisha niandike.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nimehamia Kibada huku kukiwa bado mikorosho na minazi, mtu ukienda mjini unavuka Magogoni kwa pantoni na ukichelewa unalala ng'ambo. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimekuwa nikiitwa kushuhudia mauziano ya ardhi, kwanza kwa sababu mwandiko wangu unasomeka, pili kwa sababu shamba langu limepakana na watu wengi. Sahihi yangu ipo kwenye karatasi nyingi. Nyingine zimenifikisha Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kueleza nilichokiona siku ile.

Neno langu kubwa ni hili: kabla hujampa mtu hela, kaa na watu wanne wanaopakana na hicho kiwanja. Wa kaskazini, wa kusini, wa mashariki na wa magharibi. Karibu kila karatasi ya mauziano niliyoishika ina mahali pa kuandika hiyo mipaka minne, na mara nyingi majina hayo huyataja muuzaji, wenyewe wako kazini au shambani. Jina limeandikwa, mwenye jina hana habari. Kwenye kiwanja ambacho hakijapimwa, hao wanne ndio mpaka wenyewe. Jiwe hakuna, ramani hakuna, kuna mstari wa minyaa na kumbukumbu za watu. Mnyaa unang'oleka usiku mmoja. Jirani aliyekushuhudia ukinunua, akasaini, akanywa na wewe chai, hang'oleki.

Niwape mfano wa karibu. Mwaka juzi niliitwa kwenye mauziano ya kijana mmoja na mkewe. Kiwanja kilisemwa ni ishirini kwa ishirini. Dalali akakipima kwa miguu mbele yetu, akihesabu kwa sauti, na kwenye karatasi muuzaji akaandika "20 kwa 20" bila kusema ishirini ya nini. Nikamwomba yule binti atoe tepu aliyokuwa nayo ya fundi. Upande wa barabara ulikuwa mita 16 na kidogo. Hatua ishirini za mtu mfupi si mita 20, wanangu, na bei waliyotajiwa ilikuwa ya mita. Wakazungumza upya, bei ikashuka, na karatasi ikaandikwa mita kwa kila upande mmojammoja, kwa sababu viwanja vyetu huku havina pembe zilizonyooka. Majirani watatu walikuwepo. Wa nne, mama mmoja anayeuza maandazi shuleni, tulimsubiri mpaka saa nane. Alipofika akasema neno moja tu: "Hapa katikati ndipo watoto wanapopita kwenda kisimani." Hakuna aliyekuwa amelitaja. Ikabidi njia iachwe na iandikwe. Bila yule mama, ukuta ungejengwa juu ya njia, na ugomvi ungekuwa wa maisha.

Nitoke kwenye mipaka niende kwa mwenye mali, maana hapa ndipo nilipoumia mimi mwenyewe.

Mwaka 1994 nilinunua kiwanja Mbagala. Muuzaji alikuwa kijana mpole, mtoto wa marehemu mwenye shamba. Nilimwamini kwa sababu nilimkuta analala kwenye nyumba ya baba yake. Nikajenga msingi kwa mkopo wa walimu. Mwaka wa tatu wakaja dada zake wawili kutoka Rufiji, na madai yao yalikuwa ya haki kabisa: mirathi haikuwahi kufunguliwa, na ndugu yao hakuwa na uwezo wa kuuza peke yake. Nilipoteza kiwanja na msingi wangu. Sikuwalaumu wale dada hata siku ile. Nilijilaumu, kwa kuwa mzee wa jirani aliyeishi pale tangu enzi za Mwalimu Nyerere angeniambia ndani ya dakika moja kwamba marehemu ana mabinti. Sikumuuliza.

Kwa hiyo ukiambiwa "ni mali ya marehemu baba", omba barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani, kwa watu wengi itakuwa Mahakama ya Mwanzo, na jina la msimamizi liwe ndilo la anayekuuzia. Halafu kaa na warithi wengine, na watu wa mtaa wakutajie watoto wote wa marehemu, hata yule aliyeko Muscat. Na ukiambiwa ni nyumba ya mume na mke, usipokee sahihi ya mume peke yake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamkataza mwanandoa kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Nimeona mama akitoka jikoni na unga mikononi kuuliza hawa wageni wanaopima ua wake ni akina nani. Uso wake sijausahau. Ukikutana na jambo kama hilo, chukua hela yako uondoke siku hiyohiyo.

Sasa serikali. Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake, ndivyo Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 inavyosema. Tunachonunua ni haki ya kukaa na kutumia, ndiyo maana hati miliki ina miaka yake, 33, 66 au 99. Kiwanja chenye hati usikinunue kwa kuiona fotokopi kwenye simu ya dalali. Fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati, uone jina, uone kama kuna rehani ya benki au zuio lolote, uone kama kodi ya pango la ardhi inalipwa. Malipo ya serikali yana namba ya malipo na risiti. Hela ya kupeana mkononi haina kumbukumbu.

Kwa kiwanja kisichopimwa nenda ofisi ya ardhi ya Manispaa uulizie mchoro wa mipango miji wa eneo hilo. Kigamboni tuna sababu ya kusisitiza hili. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulikuja mradi wa viwanja 20,000, na kwetu ukagusa Kibada, Gezaulole, Mwongozo na Kisota. Waliopata viwanja vile wana barabara zilizonyooka mpaka leo. Halafu mwaka 2008 ikatangazwa Kigamboni kuwa eneo la mji mpya, na watu wa Tungi, Vijibweni, Mjimwema, Kibada na Somangila wakazuiwa kujenga na kuendeleza maeneo yao. Nakumbuka wanafunzi wangu wa zamani, watu wazima na familia zao, wakiishi kwenye mapagale yasiyo na lenta, hawaruhusiwi kuendelea na hawalipwi waondoke. Miaka ikapita, na ule mji haukujengwa kama ulivyochorwa. Siyasemi haya kuwatisha. Nataka mjue kwamba mchoro uliolala kabatini ofisini unaweza kushika maisha yako, na mchoro huo unaonesha kiwanja chako ni makazi, ni shule, ni makaburi au ni barabara.

Mwaka 2017 Kimara mlishuhudia alama za X nyekundu za kubomoa na nyumba zikishuka kando ya Barabara ya Morogoro, kwa kuwa zilihesabiwa kuwa ndani ya hifadhi ya barabara. Ndani ya nyumba zile umeme ulikuwa umevutwa na maji yanatoka. Luku kusoma jina lako si ushahidi kwamba eneo ni lako. Na kwa wale mnaouziwa viwanja vya kuona bahari, kumbukeni Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ufukweni. Pimeni hizo mita kabla hamjapendezwa na upepo.

Jambo la maji ya mvua watu wengi hulipuuza. Kiwanja hakinunuliwi kiangazi. Julai na Agosti huku ni kukavu, majani yamelala, bonde linaonekana kama uwanja wa mpira. Njooni mwezi wa nne, masika ikiwa imeshika. Kama hamuwezi kungoja, waulizeni majirani maji yanapita wapi, na mtazame kuta za nyumba za jirani chini, pale rangi inapobadilika. Mstari ule wa udongo hausemi uongo. Watu wa Jangwani na bonde la Msimbazi waliofurikiwa Desemba 2011 walihamishiwa Mabwepande na kuanza maisha upya kwenye mahema. Kuna mtu kwetu alijaza kifusi lori nane kwenye mkondo, akajenga, na maji yakahamia kwa bibi mjane aliye chini yake. Kiwanja chake kikapona, cha bibi kikaliwa. Yule aliyejaza kifusi haongei na mtu mtaani mpaka leo, na mimi namhurumia hata yeye, kwa sababu hakuna aliyemwambia mapema.

Tangu Daraja la Nyerere lifunguliwe Aprili 2016 bei zetu zimepanda, na jiji limejaa. Sensa ya 2012 ilihesabu Dar es Salaam watu 4,364,541, ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Hao milioni moja na zaidi lazima walale mahali. Najua mna haraka, kodi ya miezi sita inawakaba, na kila kijana anataka atoke kwenye chumba na sebule. Sipingi haraka yenu. Naomba katika haraka hiyo mtenge siku mbili tu za kukaa na watu.

Kwa sababu mkishanunua, mnakuja kuishi. Huku tuna kikundi cha kufa na kuzikana. Kila nyumba inachangia kila mwezi, kuna turubai, viti, masufuria makubwa, na daftari analolitunza mama mmoja. Miaka michache iliyopita alihamia kijana mmoja, fundi wa kompyuta, akajenga ukuta mrefu na geti la chuma. Hakuwa mtu mbaya. Alitoka alfajiri, akarudi usiku, hakujua mtu. Baba yake alikuja kumtembelea kutoka Singida, akafariki humo ndani saa nane ya usiku. Kijana akatoka nje na fulana, pekupeku, akasimama barabarani asijue agonge wapi. Aligonga kwangu kwa kuwa taa yangu ilikuwa inawaka. Kabla ya swala ya alfajiri turubai lilikuwa limesimama uani kwake, na wanawake ambao hakuwajua majina walikuwa wanawasha kuni. Wakati wa kusafirisha mwili mtaa ulichanga. Alilia kuliko alivyomlilia baba yake, akaniambia, "Mwalimu, mimi sijawahi hata kuwasalimia." Sasa ndiye anayetuandikia hesabu za kikundi.

Ninyi mlio nje, Oman, Marekani na kwingineko, mnaotuma hela kwa ndugu awanunulie: hakikisheni karatasi inaandikwa jina la mwenye hela tangu siku ya kwanza, na wakili aiandae. Ndugu anayenunua kwa jina lake "halafu tutabadilisha" huwa anamaanisha kweli siku ile. Miaka kumi baadaye ana watoto wanaojua kiwanja ni cha baba yao. Na wakati wa kuja likizo, siku moja pitieni kwa hao majirani wanne mwonekane sura.

Kwa madalali, wanangu na ninyi mmo humu, sina ugomvi nanyi. Mnafanya kazi ya halali na wengi wenu niliwafundisha kusoma. Mkimleta mtu, mfikisheni kwa majirani kabla ya kumfikisha kwenye bei. Mteja aliyekaa salama huwaletea ndugu zake watatu.

Huwa nipo nyumbani kila Jumapili baada ya alasiri. Kama kiwanja mnachotazama kiko jirani na mimi, nitawaitia wa kaskazini na wa magharibi, na mkeka upo. Mkija, shukeni kwenye bajaji mapema, pale kwenye kisima, mwingie ndani kwa miguu mkisalimia.

Ni mimi mwalimu wenu,
Kibada, Kigamboni