Risala ya Siku ya Mashujaa kwa Mgeni Rasmi: Ombi la Uzio wa Shule

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wa Bodi ya Shule, Mkuu wa Shule, walimu, wazee wetu mliopigana Vita vya Kagera, wazazi, wanafunzi, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha leo, 25 Julai. Tunakushukuru na wewe kwa kuitikia mwaliko. Tunajua majukumu yako ni mengi, kwani wapo walioitikia mwaliko kama huu miaka iliyopita, kisha majukumu yakawakamata asubuhi ya siku yenyewe. Wewe umefika. Karibu sana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, historia tutaipitia haraka kwa sababu jua ni kali na wanafunzi wamesimama. Siku hii tunawakumbuka waliokufa katika Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907. Tunawakumbuka wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, waliobebeshwa mizigo ya majeshi ya watu wengine wakafa kwa maelfu kwa njaa na maradhi, wengi wao bila kaburi lenye jina. Tunawakumbuka vijana wa jeshi letu, JWTZ, walioingia Vita vya Kagera baada ya Mwalimu Nyerere kulitangazia Taifa Novemba 1978, ambao wengine wamelala Kaboya, mkoani Kagera. Tunawakumbuka pia walinda amani wetu waliouawa Kongo Desemba 2017.

Mafanikio ya Klabu yetu ya Historia ni makubwa. Imefanya utafiti wa kina kwa kuwahoji wazee watatu wa kata hii, mmoja wao mara mbili kwa sababu simu ya kurekodia ilizima chaji. Imefanya ziara ya mafunzo hadi Sanamu ya Askari, iliyosimama pale Samora na Azikiwe tangu 1927, na hadi makaburi ya vita ya Barabara ya Bagamoyo, ambako wanafunzi waliona kwa macho yao kwamba bodaboda hazipiti katikati ya marehemu. Vicheko wakati wa ukimya vimepungua kwa kiwango cha kuridhisha, isipokuwa Kidato cha Pili. Wazazi nao, kwa nguvu zao wenyewe, wamejenga geti la kisasa lenye kufuli. Mlinzi hulifunga kila jioni bila kukosa, na wapita njia hulizunguka.

Hapo ndipo ilipo shida yetu, Mheshimiwa: geti tunalo, uzio hatuna.

Desturi ya umma kusimama kimya kwa ajili ya waliokufa vitani ilishika mizizi tarehe 11 Novemba 1919, Waingereza na makoloni yao waliponyamaza kwa dakika mbili. Sisi hatuna tamaa hiyo. Tunaomba dakika moja, na hiyo moja hatujawahi kuipata.

Mwaka jana mzee wetu mmoja, aliyekwenda na jeshi hadi Uganda, alituomba tuinamishe vichwa. Tukainamisha. Ikaja bodaboda imebeba magodoro mawili, ikapiga honi kuomba njia katikati ya mistari, na vijana wetu, kwa malezi mema, wakaipisha. Tukaanza upya. Gari la matangazo likasimama kwenye kona ya uwanja likinadi dawa ya kunguni. Tukaanza tena, akina mama wakakatiza na ndoo zao wakatusalimia, na huwezi kuacha kumwamkia mtu mzima anayestahili shikamoo yako. Mzee akasema, "Tuendelee tu wanangu, hao tunaowakumbuka wamezoea kelele." Watu walicheka. Yeye hakucheka.

Tunajua tutashauriwa tuhamie ukumbini. Ukumbi hatuna. Tutashauriwa tuwaelimishe wananchi. Tumewaelimisha; madereva wa bodaboda walikuja kikaoni, wakaunga mkono hoja, wakaondoka kwa njia ileile ya uwanjani. Hatuwalaumu, ndiyo njia fupi ya kufika kituoni.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, uzio huu si jambo geni. Mgeni rasmi mmoja aliuahidi hapa hapa, tukapiga makofi. Aliyemfuata aliahidi kuifuatilia ahadi ya mwenzake, tukapiga makofi tena. Watu wakaja na futi kamba wakapima, wakanywa soda, wakatuambia mchakato umeanza. Jiwe la msingi likawekwa, nalo lipo nyuma yako upande wa mwembeni, likiwa ndiyo sehemu pekee ya uzio iliyokamilika. Hatusemi ahadi imevunjwa. Tunasema iko njiani, na foleni za Dar es Salaam kila mtu anazijua.

Upande ulio wazi ni mita 180. Fundi wetu amekadiria tofali 3,600 za inchi sita kwa ukuta wa mita mbili kwenda juu, mbali na saruji, mchanga na nondo za nguzo. Wazazi wamekwisha kufyatua tofali 700, zimepangwa nyuma ya choo cha walimu, na za chini zimeanza kuota majani. Zilizobaki ni 2,900. Nguvu kazi tunayo.

Kamati ilikuwa na maombi mengine: kompyuta, jezi, kipaza sauti. Yote tumeyafuta, tukabakiza hili moja ili lisipate wenzake wa kujificha nyuma yao. Kwa heshima kubwa, tunaomba usituahidi uzio. Tunaomba ututajie idadi ya tofali na tarehe ya gari kufika, katibu wa kamati aandike, nawe uweke saini kabla ya chakula.

Baada ya risala hii tutasimama kwa dakika moja kuwakumbuka mashujaa wetu. Tunakuomba ubaki ulipo, kwani njia ya bodaboda inapita mbele kidogo ya meza kuu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.