Kabla hujapiga windo upya, cheki kodeki

Mhariri, naomba nafasi kidogo niseme na mafundi wetu wa kompyuta mtaani. Mtu kawekewa muvi kwenye flashi, akifungua kwake sauti inatoka ila picha nyeusi, au picha ipo sauti hamna, akiipeleka kwa fundi anaambiwa windo imekufa, toa hela ipigwe upya, na mapicha ya familia yanaondoka humohumo, jamani!

Mara nyingi shida ni kodeki tu, yaani kile kiprogramu cha kubana na kufungua video au sauti. Hiyo MKV au MP4 mwisho wa jina la faili ni mfuko, ndani video inaweza kuwa imebanwa kwa kodeki ya H.264 au kwa H.265 ya mwaka 2013, ambayo faili lake linaweza kuwa karibu nusu kwa ubora uleule, ndo maana watu wa muvi wanaipenda, sasa pleya yako kama haina kodeki yake haiwezi kuisoma hata ufanyeje. Weka VLC, pleya ya bure, kodeki zimo humohumo, ila ichukue kwa wenyewe videolan.org, zile tovuti zinazokurukia na "pakua kodeki sasa" mi siziamini kabisa, wengi wanabeba virusi humo.

Ikigandaganda na VLC ipo, hapo ni mashine. Zile kompyuta za mtumba zenye prosesa ya zamani ya Core 2 Duo, H.265 inafunguliwa na prosesa peke yake, inachemka feni inalia, we omba uwekewe ya H.264, picha ya saizi ya 720p inatosha.

Msomaji wenu, Dar es Salaam