Muulizeni mzee alishika nini, si alipata medali gani

Mhariri,

Taazia za wakongwe wa Vita Kuu ya Pili karibu zote zinafanana: alizaliwa mwaka fulani, akaenda vitani, akarudi akawa mhandisi, ameacha mjane, watoto na wajukuu. Miaka tisini na ushei inakwisha kwa mistari mitatu. Wanaoandika hawana ubaya wowote, ila habari huanza kutafutwa siku ya msiba, wakati aliyezijua ameshafumba macho. Kijana aliyekuwa na miaka 18 vita vilipokwisha mwaka 1945 alizaliwa 1927. Wenye mzee wa namna hii nyumbani hawana muda wa kupoteza, na kwa ajili yao tunaomba nafasi tueleze jinsi ya kumhoji ili maisha yake yapate kuandikika.

Wengi huanza na medali. Medali haielezi kazi ya mtu, na medali za nyota za Uingereza za vita vile wengi walipewa bila jina kuchongwa juu yake, kwa hiyo hata mwenye medali hujui ni nani. (Msiisugue ing'ae, tafadhali, kila msuguo unakula maandishi.) Anzeni na kitu alichokishika kwa mikono yake. Tuseme alikuwa katika kikosi cha wahandisi kilichojenga madaraja ya Bailey, yale ya vipande vya chuma aliyoyabuni mhandisi Mwingereza Donald Bailey. Paneli moja ya daraja hilo ina urefu wa futi 10 na uzito wa kilo 260 hivi, nayo hubebwa na watu sita kwa fito. Paneli hufungwa moja kwa nyingine kwa pini. Mkimuuliza mzee "Ulipigana wapi?" atawatajia mji na kunyamaza. Muulizeni "Pini ya paneli iliingizwaje?" muone mikono inavyoinuka. Kichwa cha pini kina mfuo, mchirizi mwembamba uliokatwa katikati, na mfuo huo unaelekea upande uleule wa tundu lililo kwenye ncha ya pili, ambamo hupita kibanio cha kuizuia pini isichomoke. Mfuo unatakiwa ulale. Ukisimama, kingo za chuma za paneli zinakifungia kibanio njia, na pini inabaki bila ulinzi. Hata gizani unaweza kuupapasa kwa kidole gumba.

Kutoka kwenye pini nendeni kwenye pua ya daraja. Daraja lile huungwa nchi kavu, kisha husukumwa juu ya roli, yaani vyuma vya mviringo vinavyozunguka, mpaka ng'ambo. Mbele yake hutangulizwa kiunzi kitupu kisicho na sakafu, ndiyo pua, kwa sababu kitovu cha uzito lazima kibaki nyuma ya roli za ukingoni mpaka pua itue upande wa pili. Hesabu ikikosewa, au sakafu ikiwahishwa kutandikwa mbele, daraja linainama na kutumbukia mtoni. Hapo ulizeni: nani alipiga hesabu? Nani alitoa amri ya kusukuma? Wewe ulisimama wapi? Majibu matatu hayo yatawaonyesha cheo chake, nafasi yake kikosini na watu waliokuwa karibu naye, mambo ambayo swali la "Vita vilikuwaje?" halijawahi kuyatoa. Idadi ya aliowaua msiulize. Akitaka kuwaambia atasema mwenyewe, na akinyamaza ghafla au akianza kuangalia mlango, zimeni kinasa sauti mnywe chai.

Tarehe humchanganya kila mtu. Msimbane na mwaka. Mfungieni tukio kwenye mambo ya nyumbani. "Daraja lile lilipokwisha, mtoto wa pili alikuwa ameanza kutembea?" Swali hilo linaupunguza utata wa miaka kumi hadi miezi michache, na cheti cha kuzaliwa cha mtoto kinamaliza ubishi.

Kwenye kazi ya uhandisi baada ya vita, kitenzi ndicho kinachoharibu taazia nyingi. "Alijenga bwawa" si kweli kwa mtu yeyote mmoja. Kuna aliyepima ardhi, aliyebuni, aliyekokotoa nguvu za nguzo, aliyechora, aliyekagua hesabu za mwenzake na aliyesimamia zege likimwagwa. Mzee mwenyewe atakasirika akipewa kazi ya mwingine, na ana haki. Jibu liko pembeni mwa mchoro, kwa kawaida chini kulia, penye kisanduku chenye jina la mradi, namba ya mchoro, tarehe, masahihisho, na herufi za aliyechora na aliyekagua. Pigeni picha kisanduku hicho kwanza. Kama ni ile michoro ya zamani ya mistari myeupe juu ya karatasi ya buluu, iwekeni mbali na mwanga, na msiihifadhi ndani ya karatasi zilizotiwa dawa ya alkali, zile zinazouzwa kwa ajili ya nyaraka za kawaida: alkali inaiua rangi ya buluu. Karatasi isiyo na asidi wala alkali ndiyo inayofaa.

Kama bado ana ile rula ya kukokotolea yenye ulimi unaoteleza, mpeni mkononi. Mwambieni azidishe 23 kwa 47. Rula itampa 1-0-8 na hapo ndipo inapoishia. Haijui kama ni 108 au 1,080. Mhandisi wa enzi zile alilazimika kukadiria kichwani kabla ya kugusa rula: ishirini mara hamsini ni elfu moja, basi ni 1,080. Jibu kamili ni 1,081. Mwandikeni akifanya hivyo, namna anavyokunja uso na anavyosogeza kile kioo chenye mstari kilicho juu ya rula, maana ndivyo alivyofikiri kazini kwa miaka mingi mpaka vikokotoo vya mfukoni vilipoingia katika miaka ya 1970.

Mke wake mhojini peke yake, siku nyingine. Wakikaa pamoja, mmoja humalizia sentensi za mwenzake na nusu ya habari inapotea. Kazi za ujenzi huhamisha mtu, na nyuma yake kuna aliyebaki na ada, homa za watoto na paa linalovuja. Muulizeni barua zilichukua siku ngapi, nani alikata shauri baba alipokuwa mbali, watoto walimpokeaje aliporudi. Na kwenye taazia jina lake liandikwe lote. "Mkewe" si jina.

Sasa kurekodi. Masikio yaliyokaa karibu na mizinga na mitambo hupoteza kwanza sauti nyembamba, hivyo s, f na t hazisikiki. Kupiga kelele hakusaidii. Semeni polepole, mkae upande wa sikio zima, mwanga uangukie uso wenu, wala msikae mkilipa dirisha mgongo. Kinasa sauti kiwe sentimita 20 hadi 30 kutoka mdomoni, juu ya kitambaa kilichokunjwa, feni imezimwa. Tumieni faili la WAV, yaani sauti isiyobanwa, sampuli 48,000 kwa sekunde, biti 24. Saa moja ya chaneli moja hula megabaiti 520 hivi, basi hakikisheni nafasi ipo. Rekodini dakika moja mkaisikilize ndipo muanze. Dakika 45 zatosha kwa siku. Jioni ileile tengenezeni nakala tatu, moja ilale nyumba nyingine.

Picha za karatasi ziskaniwe kwa nukta 600 kwa inchi. Majina yaandikwe nyuma, pembeni, kwa penseli laini. Wino wa kalamu hupenya hadi usoni. Kitabu cha malipo ya askari na cheti cha kuachishwa jeshi visifunikwe kwa plastiki ya moto. Tarehe 12 Julai 1973 moto kwenye kituo cha kumbukumbu za wanajeshi huko St. Louis, Marekani, uliteketeza mafaili yapatayo milioni 16 hadi 18. Kuna familia ambazo karatasi iliyokuwa sandukuni ndiyo iliyobaki peke yake.

Nanyi wahariri, familia ikiwaletea taazia yenye maneno "alikuwa mhandisi", wapigieni simu kabla ya kuchapa mkaulize: alibuni, alikokotoa, alikagua au alisimamia? Kisha mkaulize jina la mkewe.

Ni sisi wasomaji wenu, wakusanyaji wa kumbukumbu za wazee.