Barua ya wazi kwa Mkuu wa Maktaba ya Bunge la Marekani kuhusu filamu huru za wanawake Weusi

Mheshimiwa,

Salamu za heshima. Sisi ni watu wa kazi ya mikanda: tunaikagua, tunaiskani, tunaisafisha na kuitafutia wasambazaji. Tunakuandikia hadharani, na kwa Kiswahili, kwa kuwa watazamaji wa filamu huru za wanawake Weusi, zilizotengenezwa nje ya studio kubwa, wako hata huku, na wana haki ya kujua zinavyopotea.

Kila mwaka tangu 1989 ofisi yako huchagua filamu 25 ziingie katika Rejista ya Taifa ya Filamu, orodha ya filamu za Marekani zinazostahili kuhifadhiwa. Tulifurahi ilipoingia Daughters of the Dust ya Julie Dash mwaka 2004, kisha Eve's Bayou ya Kasi Lemmons (2018), I Am Somebody ya Madeline Anderson (2019), Losing Ground ya Kathleen Collins (2020), The Watermelon Woman ya Cheryl Dunye (2021) na Pariah ya Dee Rees (2022). Lakini tazama urefu wa kungoja. Kanuni inaruhusu filamu kuingia ikishatimiza miaka 10. Losing Ground ilikamilika mwaka 1982, kwa hiyo imengoja miaka 38. I Am Somebody, ya mwaka 1970, imengoja 49. Filamu ya studio kubwa inaweza kungoja hivyo bila madhara makubwa, maana studio ina ghala la baridi, ina wanasheria, na inajua kopo gani la mkanda liko rafu ipi. Filamu huru haina hata kimoja kati ya hivyo, na miaka ile ya kungoja ndiyo miaka ambayo mkanda huoza.

Ombi letu la kwanza ni hili. Jina la filamu likipendekezwa tu, hata kabla halijachaguliwa, ofisi yako iulize: negativu, yaani mkanda wa asili unaochapishiwa nakala zote, iko wapi, na iko katika hali gani?

Mwongozaji huru wa miaka ya 1970 na 1980 aliiacha negativu kwenye maabara iliyoisafisha, yaani iliyoitia dawa ili picha ijitokeze. Hakuwa na pa kuiweka, na maabara ilikubali kuitunza kwa kutarajia kwamba kesho atarudi kuchapisha nakala. Akaunti iliandikwa kwa jina lake, au la kampuni ndogo iliyoundwa kwa ajili ya filamu ile moja. Baadaye kampuni hufa, anwani hubadilika, mwenyewe hufariki. Maabara inapofunga idara ya filamu, hutuma barua kwa anwani ya mwisho iliyo kwenye faili, hungoja muda uliowekwa, na kilichokosa mwenyewe hutupwa. Pengine kuna deni la zamani la usafishaji, na maabara haitoi kopo hata moja mpaka lilipwe. Kathleen Collins alifariki mwaka 1988 akiwa na miaka 46, filamu yake ikiwa haijapata kusambazwa katika majumba ya sinema. Ni binti yake, Nina Collins, aliyefuatilia negativu na kuhangaikia nakala mpya, hadi filamu ikaonyeshwa kwa umma mwaka 2015 kupitia kampuni ya usambazaji ya Milestone. Tunamshukuru sana binti huyo. Ila urithi wa taifa usitegemee kama marehemu aliacha mtoto mwenye uwezo na moyo wa kufuatilia makopo.

Kuna jambo la kiufundi ambalo limeua filamu nyingi za milimita 16 kimyakimya, nalo ni la roli A na B. Negativu ya milimita 16 kwa kawaida haikatwi ikawa mkanda mmoja. Mkataji huigawa mara mbili: shoti ya kwanza huwekwa roli A, ya pili roli B, ya tatu hurudi A, na pale ambapo roli moja ina picha, nyingine hujazwa mkanda mweusi. Kwa njia hiyo maungio hayaonekani kwenye skrini, na picha moja yaweza kufifia huku nyingine ikijitokeza juu yake. Sasa mtunza ghala asiyelijua hili akikuta makopo mawili yenye jina moja na namba moja ya sehemu, hudhani ni nakala ya ziada. Akitupa moja ili kupunguza msongamano, ametupa nusu ya shoti za filamu, moja baada ya nyingine, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kinachobaki hakionyesheki. Mkanda wa milimita 16 hupita futi 36 kwa dakika, kwa hiyo filamu ya dakika 86 kama Losing Ground ni takriban futi 3,100 kwa roli A peke yake, na futi nyingine kama hizo kwa B. Anayekagua apime urefu wa kila roli, azifungue zote mbili mezani na kuthibitisha kwamba penye weusi upande huu pana picha upande ule.

Sauti nayo haimo humo. Iko kwenye mkanda wa sumaku wa mchanganyiko wa mwisho wa sauti, na kwenye negativu ya sauti ya mwanga, yaani sauti iliyoandikwa kama picha ili isomwe kwa taa, iliyotengenezwa kutokana na mchanganyiko huo. Watu huitunza hii ya pili na kuusahau mkanda wa sumaku, ilhali sauti ya mwanga ya milimita 16 hupoteza sehemu kubwa ya sauti za juu. Ukitaka kusikia vizuri mazungumzo ya waigizaji, ni ule wa sumaku unaotakiwa. Ubaya wake ni kwamba oksidi ya chuma iliyopakwa juu yake huchochea kuoza kwa asetati, plastiki ambayo mkanda wa picha umetengenezwa nayo, basi usiwekwe kopo moja, wala rafu moja, na picha.

Kuoza kwenyewe hujulikana kwa harufu ya siki, lakini pua ikishanusa, umechelewa. Kuna vikaratasi vya kupimia asidi: kimoja hufungiwa ndani ya kopo kwa saa 24 au zaidi katika joto la kawaida la chumba, kisha rangi yake husomwa kutoka bluu kwenda kijani hadi njano, kwa kipimo cha 0 hadi 3. Ikifika 1.5, asidi imeanza kujizalisha yenyewe na kasi itapanda. Ikifika 2, mkanda ugandishwe au unakiliwe mara moja, na utengwe, kwa sababu mvuke wake huambukiza makopo ya jirani. Mkanda uliosinyaa kiasi cha asilimia 1 huanza kusumbua mashine zenye meno, na hapo inahitajika skana inayovuta mkanda bila kutegemea matundu ya pembeni. Kwa mkanda wa rangi, ghala liwe nyuzi joto 4 za Selsiasi au chini yake, unyevunyevu asilimia 30 hadi 50. Baridi haiponyi mkanda, huuchelewesha tu usife. Tena ukitolewa kwenye baridi usifunguliwe papo hapo: uachwe ndani ya kopo lililofungwa kwa siku nzima, la sivyo maji yatatanda juu ya picha. Kituo chako cha Culpeper, Virginia, kina maghala ya namna hii. Makopo ya waongozaji tunaowazungumzia yako kwenye vyumba vya chini ya nyumba na stoo za kukodi, ambako joto hupanda na kushuka kila msimu.

Gharama ya kuskani tunaijua, na hatuifichi. Fremu moja (picha moja tulivu ya mkanda) ya ubora wa 4K, katika faili za DPX za biti 10 zinazotumiwa kuhifadhi skani, ina megabaiti 50 hivi. Dakika 86 ni fremu 123,840, yaani zaidi ya terabaiti 6. Roli A na B zikiskaniwa kikamilifu kabla ya kuunganishwa, zinavuka terabaiti 12, ambayo ni zaidi ya kaseti nzima ya LTO-8, aina ya kaseti ya kuhifadhia data. Tunahitaji nakala tatu, moja ikiwa mji mwingine. Na kaseti hizo si za milele, kwani mashine ya LTO-8 husoma LTO-7 lakini haisomi LTO-6, kwa hiyo data lazima ihamishwe kabla ya vizazi viwili vya mashine kupita. Mwongozaji peke yake hawezi kubeba mzigo huu.

Tuje kwenye video, ambako tuna hofu zaidi. The Watermelon Woman ilitumia milimita 16 pamoja na video, na miaka ile ya 1990 wengi walifanya hivyo kwa sababu kaseti ilikuwa rahisi na kamera nyepesi. Video ndiyo inayokufa kwanza. Gundi inayoshika chembe za sumaku hunyonya unyevu na kunata, mkanda ukipita kwenye kichwa cha mashine hulia na kuacha uchafu, na mashine nzuri za kaseti za Hi8 na Betacam SP zinazidi kuadimika pamoja na mafundi wake. National Film Preservation Foundation, taasisi ya kufadhili uhifadhi wa filamu iliyoundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1996, imeokoa mengi na tunaiheshimu. Lakini ruzuku zake huenda kwa taasisi zisizo za kibiashara na hulipia hifadhi kwenye mkanda wa filamu. Mwongozaji mwenye makopo yake nyumbani haombi kwa jina lake mwenyewe, na sanduku lake la kaseti za video halina mlango wa kugonga. Tunaomba ofisi yako ifungue mlango huo hapo Culpeper, kwa kunakili kaseti za filamu zilizopendekezwa na kumrudishia mwenyewe faili pamoja na kaseti zake.

Kwa filamu za dijitali neno letu ni fupi: ziombwe mapema, na ziombwe DCP (faili za kuonyeshea filamu kwenye sinema za kidijitali) zisizofungwa kwa funguo. DCP iliyofungwa ambayo funguo zake zimepotea pamoja na msambazaji aliyefilisika haina faida kwa mtu yeyote.

Halafu kuna muziki. Filamu huru nyingi zilinunua leseni ya muziki ya kuonyeshwa kwenye matamasha ya filamu pekee, ya muda mfupi, kwa kuwa ndiyo fedha iliyokuwapo. Leseni ikiisha, filamu iliyorekebishwa vizuri kabisa hukaa bila kuonyeshwa. Kila wimbo unadai ruhusa mbili, ya mtunzi na ya mwenye rekodi, na wenye haki hizo wamekwisha kuuziana mara kadhaa. Anayepokea filamu apokee pia orodha ya nyimbo zenye sekunde zake, mikataba ya waigizaji, na ushahidi wa nani anamiliki nini. Karatasi hizo zikipotea, kuzitafuta upya huweza kuchukua muda mrefu kuliko kurekebisha picha.

Jambo jingine ambalo kwetu si dogo ni rangi ya ngozi. Kwa miongo mingi kadi za Kodak za kupimia rangi zilimtumia mwanamke Mweupe kama kipimo. Fundi anayerekebisha kwa mazoea hayo, akiwa na nakala iliyopauka na kubaki ya waridi, huifanya ngozi nyeusi kuwa kijivu au nyekundu, na akiongeza mwanga ili uso uonekane, huua vivuli ambavyo mpiga picha alivipanga kwa makusudi. Daughters of the Dust iliporekebishwa na kurudi kwenye sinema mwaka 2016, rangi zake zilisimamiwa na mpiga picha wake mwenyewe, Arthur Jafa, na uangalizi huo unaonekana katika kila shoti. Baadhi ya waongozaji na wapiga picha wa kizazi hicho bado wako hai. Waitwe na walipwe wakae pembeni ya fundi sasa hivi. Sarah Maldoror, aliyetengeneza Sambizanga mwaka 1972, alifariki Aprili 2020, na filamu hiyo ikaonyeshwa ikiwa imerekebishwa mwaka uliofuata.

Ofisi ya Hakimiliki iko chini ya Maktaba yako. Mwongozaji anaposajili filamu, huacha kwenu nakala, na nakala hiyo mara nyingi ni kaseti au diski, kitu duni kuliko alichonacho. Siku hiyo ndiyo siku nzuri ya kumuuliza kama angependa kuweka kwenu negativu au faili kuu, kwa mkataba ulioandikwa wazi kwamba anaweka vitu, hauzi haki. Wengi hukataa kuweka kwa hofu hiyo tu, nasi hatuwalaumu, maana wengine wamekwisha kunyang'anywa haki zao na watu waliojitambulisha kuwa wasambazaji.

Vilevile umma unaruhusiwa kupendekeza hadi majina 50 kwa mwaka kwa ajili ya Rejista. Fomu hiyo iongezewe mistari miwili: mahali negativu au faili kuu zilipo, kama anayependekeza anajua, na jina la mtu anayeweza kuulizwa. Majibu yapelekwe Culpeper kila mwezi badala ya kungoja tangazo la mwisho wa mwaka, na anayeyapokea awe na mamlaka ya kupiga simu maabara na kuzuia kopo lisitupwe. Tunaomba mistari hiyo iwemo kabla ya mapendekezo ya mwaka ujao kufunguliwa.

Wako kwa heshima,

Wahifadhi na wasambazaji wa filamu huru