Barua ya wazi kwa Mkaguzi Mkuu wa Reli, Uingereza: taa ya milango haimwoni aliyenaswa

Mheshimiwa Mkaguzi Mkuu,

Treni nyingi za London hazina kondakta. Dereva hufungua milango, huifunga, na ndiye anayehakikisha hakuna aliyenaswa. Tunakuandikia kuhusu sekunde chache kati ya milango kufungwa na treni kuondoka, maana ndipo watu wanapoburutwa.

Milango yote ikifunga, taa huwaka mbele ya dereva. Taa hiyo haithibitishi kwamba mlangoni hapana kitu. Uwezo wa mlango kutambua kizuizi hupimwa kwa kipande cha milimita 30 kwa 60. Mkanda wa begi, pindo la koti, hata vidole vyaweza kubanwa kwenye mpira wa ukingo wa mlango na taa ikawaka vilevile. Tarehe 25 Julai 2015, katika kituo cha Hayes & Harlington, abiria alinaswa mkono akaburutwa mita 19 hivi. Wachunguzi waliona kuwa dereva hakukagua vya kutosha kabla ya kuondoka, na yumkini aliamini taa isingewaka kama kuna mtu amenaswa.

Kwa hiyo kutazama wakati milango inafunga hakutoshi, kwani mkono huingia dakika ya mwisho. Funga, subiri taa, kisha kagua upya treni nzima, behewa la kwanza hadi la mwisho, hasa upenyo kati ya treni na ukingo wa jukwaa. Aliyesimama karibu mno, msubiri asogee. Ndipo uondoe treni.

Dereva hukagua kwa picha za kamera kwenye skrini iliyo mbele yake, hivyo ukaguzi huo unataka picha safi. Treni ya mabehewa 12, hata kwa kamera moja kila behewa, ni picha ndogo 12. Jua la asubuhi huzifuta, matone ya mvua hutanda kwenye lenzi, koti jeusi hupotea usiku, na mtoto hufichwa na umati. Picha moja ikizimika, sehemu hiyo haijakaguliwa: mhudumu wa jukwaani aitwe aitazame. Kukisia ni hatari.

Tunaomba uagize mambo matatu. Picha zibaki kwenye skrini mpaka behewa la mwisho litoke jukwaani. Katika baadhi ya treni hukatika mara tu mwendo unapoanza. Kamera zikaguliwe kutoka kiti cha dereva, saa ambazo jua liko chini na usiku pia, si adhuhuri tu. Na dereva aliyechelewa kwa kukagua mara ya pili asiulizwe kuhusu ratiba.

Wako,
Madereva wa treni, London