Jumamosi ya mpira Iowa City

Iowa City, Agosti

Mpendwa Riziki,

Salamu nyingi kwako, kwa Baba Salma na kwa watoto. Huku hatujambo. Umeuliza mjipange vipi mkija kutazama Hawkeyes, timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Iowa. Njooni Jumamosi yoyote wanayocheza nyumbani, ila jambo moja mlishike: robo ya kwanza ikiisha muwe mahali penu, si kwenye foleni ya choo wala ya popkoni.

Dakika hiyo uwanja mzima wa Kinnick, ambao huchukua watu 69,250, hugeukia hospitali ya watoto iliyo pembeni yake na kupunga mikono. Wachezaji wa timu zote mbili hugeuka, makocha na waamuzi pia. Watoto waliolazwa huwa madirishani, wengine kwenye viti vya magurudumu, wengine mikononi mwa wazazi, nao hupunga. Desturi hii ilianza 2017, mwaka jengo hilo lilipofunguliwa. Pungeni kwa mikono yote miwili, juu ya kichwa, polepole. Mtoto anatazama kwa mbali, nyuma ya kioo, na kiganja kinachotikiswa usawa wa kifua hakioni. Mechi ikiwa ya usiku, washeni tochi za simu. Kupiga picha kuacheni, maana mwenye simu usoni hana mkono wa kupunga.

Robo ni dakika 15 za saa ya mchezo, lakini saa hiyo husimama mara kwa mara: pasi ikianguka chini, timu ikiomba mapumziko, televisheni ikitaka matangazo. Kwa hiyo hesabuni dakika 40 hadi 50 tangu mpira uanze. Mechi nzima hula saa tatu na nusu.

Mechi nyingi huanza saa tano asubuhi. Kutoka Des Moines kwa barabara kuu ya I-80 ni mwendo wa saa mbili, lakini siku ya mpira foleni huanza kwenye njia za kuchepukia Coralville, mji jirani. Ondokeni saa kumi na moja alfajiri. Wenyeji wa mitaa ya karibu na Melrose Avenue hukodisha nyasi za nyumba zao kuegesha magari, na wengi hutaka pesa taslimu. Kabla ya kulipa ulizeni mawili: je, gari letu litazibwa? Na je, kuchoma nyama hapo kunaruhusiwa? Magari hupangwa yamebanana, na ukiwekwa katikati hutoki mpaka wa mbele yako arudi, hata mtoto akiwa na homa.

Kuchoma nyuma ya gari ndiyo raha ya asubuhi. Wengi huchoma bratwurst, soseji nene za nguruwe. Ninyi leteni za kuku au za ng'ombe, na wavu wenu wenyewe. Washeni makaa, msubiri dakika 20 hadi 25 mpaka yafunikwe na majivu meupe. Mkiwahi, ngozi inaungua na ndani kunabaki kubichi. Bora soseji zichemshwe kwanza kwa moto mdogo, kwenye maji na vitunguu, kama dakika 15, ndipo ziende kwenye wavu zipate rangi. Msizitoboe kwa uma: mafuta yakidondokea makaa, moto unaruka na soseji inakauka. Pima katikati: ya kuku nyuzi 74 za Selsiasi, ya ng'ombe 71. Zimeni makaa kwa maji mengi saa nzima na nusu kabla ya mpira. Hapo ndipo wengi wanapopotea. Wanaongeza soseji moja, halafu nyingine, na mwishowe wanapunga mkono wakiwa nje ya geti.

Mkoba uwe wa plastiki inayoonyesha ndani, usiozidi sentimita 30 kwa 30 kwa 15. Pochi ndogo ya mkononi hupita. Tiketi zihifadhiwe ndani ya simu usiku wa kuamkia mechi, maana mtandao hapo nje huelemewa. Kuanzia mwishoni mwa Oktoba bebeni kipande cha boksi la kukalia kila mmoja, kwani benchi la chuma hunyonya joto la mwili kuliko upepo wenyewe.

Waonyesheni watoto sanamu ya Nile Kinnick, aliyeshinda 1939 tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa futiboli ya vyuo, na kufa 1943, akiwa na miaka 24, katika mazoezi ya urubani wa jeshi la majini. Waonyesheni pia jina la Duke Slater, ambalo eneo la kuchezea ndani ya uwanja lilipewa 2021. Alikuwa mchezaji Mweusi wa miaka ya 1918 hadi 1921, akicheza bila kofia ngumu, na baadaye akawa jaji Chicago. Kwangu, hilo ndilo jina la kuwasimulia wanetu kwanza.

Timu ya nyumbani huingia ikitembea taratibu, wachezaji wameshikana mikono. Mkiwaona hivyo, mmeshawahi.

Niandikie Jumamosi gani, na idadi ya watoto, ninunue makaa na maboksi niyaweke tayari. Vaeni nyeusi na njano.

Wako,
Mama Zawadi