Mwache Mpwa Wangu Aende Tanga

Salt Lake City, Utah

Mdogo wangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi huku hatujambo, ila baridi imeanza kung'ata na milima yote imeshapiga weupe. Mwanangu anasema shikamoo shangazi.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mpaka mwisho. Unasema Baba anamtaka mpwa wangu likizo yote ya Desemba, nawe roho haijatulia: mzee atampandisha baiskeli, atamtuma sokoni Mgandini peke yake, na mtoto ana miaka 10 hajawahi kuvuka barabara bila kushikwa mkono na dada wa kazi. Ukaniomba niongee na Baba apunguze. Hilo sitamwomba.

Ngoja nikupe ya huku kwanza, maana najua mnadhani huku ndiko kwenye akili. Shule ya mwanangu ipo karibu, lakini mchana foleni ya magari inazunguka kona: kila mzazi na simu yake, anamsubiri mtoto ambaye angetembea angeshafika nyumbani na kula. Wengine wamevalishwa saa inayomwambia mama mtoto yuko pembe gani ya uwanja. Na si uoga mtupu, watu wamewahi kusumbuliwa. Mwaka 2008 mwandishi wa New York, Lenore Skenazy, alimwachia mwanawe wa miaka 9 apande treni ya chini ya ardhi peke yake, akaitwa mama mbaya kuliko wote Marekani. Mwaka 2015 huko Silver Spring, Maryland, polisi waliwachukua ndugu wawili, mmoja miaka 10 na mwingine 6, kisa wametoka kucheza bila mtu mzima. Mwaka 2018 Utah ikawa jimbo la kwanza kuandika kwenye sheria kwamba mtoto mwenye umri na akili ya kutosha akienda shule kwa miguu, au akicheza nje peke yake, mzazi hajamtelekeza. Hebu fikiria, watu wazima wanakaa bungeni kupitisha kitu ambacho kwetu Barabara ya 12 kilikuwa jambo la kila siku tu.

Hofu ya polisi imepungua, sawa. Ila sheria haikuleta watu barazani. Ukitembea mtaa mzima huku hukutani na hata bibi mmoja wa kukuuliza unakwenda wapi.

Sasa Baba. Nikiwasimulia watu wanadhani alituachia tu tujilee. Kumbuka pancha, pale Baba alipokuwa anatengeneza baiskeli za watu. Kwanza ilikuwa kushika beseni la maji na kutafuta mapovu kwenye tyubu, basi. Baadaye ukapewa msasa ukwangue. Zamu yako ya sulusheni ilipofika ukabandika kiraka gundi haijakauka, kikabanduka, na Baba alikuona tangu mwanzo. Kimya, ameinamia spoku zake. Mteja kwenye benchi akaguna: kazi ya hela anapewa mtoto wa kike? Baba akamwambia, "Kama una haraka, baiskeli ile pale." Ukakwangua upya. Safari hii ukapuliza gundi mpaka ukatutia kichaa sote, na yule mteja akaondoka na tairi lililojaa.

Sokoni vilevile. Alikupitisha njia mwenyewe, akakuonyesha pa kuvukia na nyumba ya kukimbilia ukipata shida. Kisha akakutuma huku anakufuata kwa mbali na baiskeli. Hata alipokuachia kabisa, mwenye duka la pembeni alikuwa anampa ripoti jioni. Wewe ulijiona uko peke yako, na ndivyo alivyotaka.

Sisemi yote yalikuwa mazuri. Ile fimbo ya mpera iishie kwetu, na hilo nitamwambia mimi.

Mwanangu nimemfanyia hivyohivyo: tulikwenda wote, nikabaki nyuma, sasa anatangulia na mtoto wa jirani. Yule jirani alikuja kwanza kuniuliza kama nina habari binti yangu yuko barabarani. Nikamweleza taratibu.

Hofu yako siidharau. Hizo bodaboda za Mbezi hata mimi ningemshika mkono. Ndiyo maana nasema Tanga, tena kwa Baba, ambaye hamwachii mtoto kitu kabla hajamfundisha. Mpeleke mwenyewe, lala siku mbili, mwache Baba akuonyeshe njia atakazompitisha, kisha panda basi urudi. Usimpigie simu mtoto kila saa. Mpigie Baba, usiku, baada ya isha.

Hela ya baiskeli natuma Ijumaa. Usinunue Kariakoo, atachagua Baba, na najua atachukua iliyotumika ili wapate cha kutengeneza.

Msalimie shemeji.

Kaka yako